Ondoka Bila Kumuaga

Makanyagio, Mpanda
9 Januari 2025

Dada Pudensiana,

Nakusalimu. Nimekupigia simu tangu Jumapili haiiti, nikajua namba yangu umeifungia. Sikulaumu. Ndiyo maana nimekaa kuandika, na barua hii nampa kondakta wa basi la Majimoto aiache dukani kwa Gaspar, maana najua pale hupiti bila kusimama.

Happiness alifika salama. Baba yake alimpokea stendi, akashinda naye siku moja, kesho yake akaondoka na lori la mchele kwenda Mwanza. Atarudi mwisho wa wiki ijayo. Kwa hiyo tumebaki wawili, mimi na mtoto, na nitakwambia ukweli dada, sijui nimshike wapi. Chakula anadonoa. Nikimwita anaitika vizuri kabisa, umemlea, lakini haniangalii usoni. Saluni kwangu anakaa chini kimya, anaokota vipande vya rasta sakafuni anavipanga kwa urefu. Wateja wanamsifu kuwa mtoto mtulivu. Mimi naona siyo utulivu ule.

Jumatatu shule zinafunguliwa. Sare nimeshamshonea, sketi ya bluu na shati, sweta nimenunua. Wameagiza kila mtoto wa darasa la kwanza aje na ufagio na kidumu cha maji. Hayo ninayaweza. Nisiyoyaweza ni yale ambayo hayauzwi. Sijazaa dada, unajua, na Mpanda nzima inajua. Sijawahi kumpeleka mtoto shule. Nakuomba uniambie anapenda nini, analala vipi, akilia anabembelezwaje, na siku ya kwanza shuleni nifanye nini. Utakavyosema ndivyo nitakavyofanya, neno kwa neno.

Najua sina uso wa kukuomba kitu. Namwombea mtoto.

Ernestine


Majimoto
10 Januari 2025

Ernestine,

Barua nimeipata. Kwanza, usiniite dada. Dada ninaye mmoja tu, Tereza, yuko Kasekese. Uliniita dada msimu ule ulipokuja kununua mpunga ukakosa pa kulala, nikakupa chumba. Uliniita dada nilipolazwa na malaria humu ndani, ukanipikia uji, ukaninyanyua kichwa ninywe. Nilipopona na kusimama, mume wangu alikuwa ameshapata wa kumfuata Mpanda. Jina hilo limeshakufanyia kazi, liache lipumzike.

Simu sitaifungua. Sauti yako siitaki sikioni kwangu. Karatasi naivumilia kwa sababu naweza kuiweka chini nikaenda kuchota maji.

Umeuliza habari za mtoto wangu. Uji anywe wa karanga, maziwa yanamsumbua tumbo. Dagaa hali. Samaki mkubwa anakula, mtolee miiba. Akilala anataka mguu mmoja uguse ukuta, kwa hiyo kitanda usikiweke katikati ya chumba kama mnavyofanya watu wa mjini. Akikohoa mpe asali, asipopata nafuu mpeleke hospitali usingoje.

Sasa shule, na hapa sikiliza vizuri. Mtoto huyu ukimuaga analia mpaka anatapika. Siku ya kwanza mpeleke mpaka darasani, mkalishe, mwambie atazame ubaoni. Akishageuza uso, ondoka bila kumuaga. Usimwambie unaenda wapi wala unarudi lini. Akigeuka akute haupo, atanyamaza mwenyewe. Kesho yake fanya hivyo hivyo. Ndivyo nilivyomzoesha mimi.

Fuata hilo na hutapata taabu. Mimi ndiye mama yake, namjua.

Pudensiana


Majimoto
11 Januari 2025

Dada Tereza,

Shikamoo. Nampa Malale wa bodaboda barua hii kwa kuwa simu yako tangu iingie maji haipatikani, na jambo lenyewe sitaki kumtuma mtu alisema mdomoni.

Nyumba ni kimya mpaka inaniumiza masikio. Asubuhi nimepika uji wa watu wawili, nikakumbuka sufuria ikiwa tayari jikoni. Nimewapa kuku. Walipoamua kwenye kikao kile cha ukoo cha Desemba kwamba mtoto akianza shule ni wa baba yake, wewe ulikuwepo, uliniona sikusema neno. Baba mkubwa Felisiani alisema mjini kuna shule nzuri, mtoto asome. Kila mtu akaitikia. Hakuna aliyetaja ni nani atakayekuwa anamvalisha hiyo sare asubuhi.

Sasa Ernestine ameniandikia kuniuliza namna ya kulea. Amenililia kabisa. Amesema atafanya neno kwa neno nitakavyomwambia. Nami nimemwambia.

Unakumbuka mume wangu Aloyce alivyoondoka. Happiness alikuwa anacheza nyuma ya nyumba. Yeye akabeba begi lake, akapita mbele, akapanda pikipiki. Hakumuaga. Mtoto alikaa kwenye lile rundo la kokoto barabarani siku ngapi, kila pikipiki ikipita anasimama. Tangu hapo, dada, siwezi kwenda hata chooni bila kumwambia. "Naenda, narudi," namwambia. Naye ananijibu, "Nenda, rudi." Bila hivyo mtoto anakuwa kama mbuzi aliyeona fisi. Ukishamuaga, hata ushinde shambani, anacheza tu.

Basi nimemwambia Ernestine amkalishe darasani na aondoke bila kumuaga. Nimemwambia ndiyo dawa yake. Nataka Jumatatu mtoto amlilie mbele ya walimu na mama wenzake, na akitoka asimtake kumwona. Nataka amkatae kwa mikono na meno. Aloyce akirudi kutoka Mwanza akute mtoto hamwendei yule mwanamke hata kwa pipi. Mume wangu alimchukua kwa uji. Mtoto hatamchukua kwa sketi ya bluu.

Usinisemee kwa mama. Nimelala vizuri jana, mara ya kwanza tangu Jumapili.

Mdogo wako,
Pudensiana


Kasekese
13 Januari 2025

Pudensiana mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako, nikamrudisha Malale mlangoni nikamwambia angoje, nikaisoma tena nikidhani nimekosea.

Hasira yako ninayo na mimi. Yule mwanamke alikula mezani kwako, na siku nikikutana naye sokoni sijui kama nitaweza kupita. Lakini hujamtega yeye. Leo darasani atakayegeuka akute hakuna mtu ni nani? Ernestine atakuwa ameshafika saluni anasuka watu.

Panda basi uende Mpanda. Ukifika usiombe radhi kwa mtu yeyote kama hutaki, mshike tu mtoto mkono. Ukikosa basi mwambie Malale akupeleke.

Tereza


Makanyagio, Mpanda
14 Januari 2025

Mama Happiness,

Mtoto yupo. Naanza na hilo ili yaliyobaki uyasome ukiwa umetulia.

Jana nilimpeleka shule. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri, nikambeba mgongoni tukavuka mitaro. Darasa limejaa, watoto wamebanana kwenye madawati, wengine wako chini. Nilimpatia nafasi mbele, karibu na dirisha. Akanishika sketi akaniuliza, "Unaenda?" Nikakumbuka maneno yako. Nikamwambia, "Tazama ubaoni." Akatazama. Nikatoka.

Nilipofika getini nilisikia mtoto anapiga kelele. Nilijua ni yeye. Miguu ilitaka kurudi, nikaikataza, nikasema mama yake ndiye anayemjua.

Mchana nilipokwenda kumchukua hakuwepo. Mwalimu Fausta alidhani nimeshamfuata. Alisema mtoto alilia sana, akapanda dirishani kuangalia nje, baadaye akanyamaza. Wakatoka kunywa uji, na tangu hapo hakumwona. Watoto wapya ni wengi na yeye ni mmoja, sina la kumwambia.

Sijui nianze wapi kukueleza nilivyozunguka. Mvua ile ilikuwa imejaza mitaro yote, maji mekundu yanakwenda kwa kasi. Karibu na soko niliona kiatu cheusi cha shule kimenasa kwenye takataka za mtaro. Niliingia mpaka kiunoni. Watu waliniita nitoke. Nilikishika, nikakigeuza. Kilikuwa kikubwa, cha mtoto mwingine, cha zamani. Nilikaa pale kwenye matope nikacheka kama mwenda wazimu.

Nilimkuta stendi. Alikuwa ndani ya basi la Majimoto, kiti cha nyuma, sweta limelowa, amekaa wima kama mtu mzima mwenye tiketi. Kondakta alidhani ni mtoto wa mama aliyekaa pembeni yake, yule mama alidhani ni wa kondakta. Injini ilikuwa imeshawashwa. Nilimwuliza anakwenda wapi. Akaniambia, "Kwa mama. Mama huwa anarudi."

Leo hajaenda shule, ana homa. Nimempeleka zahanati, wamepima, siyo malaria. Amelala, mguu umegusa ukuta.

Nakuomba jambo moja. Aloyce usimwambie. Anarudi Ijumaa, nitamwambia mwenyewe uso kwa uso. Akisikia akiwa njiani hatasikiliza mtu, unamjua. Nilifuata ulivyoniambia, lakini simlaumu mtu. Aliyetoka mlangoni ni mimi.

Ernestine


Majimoto
15 Januari 2025

Ernestine,

Nimesoma. Mpe maji mengi, usimwache na nguo mbichi.

Aloyce sitamwambia. Tulia.

Pudensiana


Majimoto
19 Januari 2025

Dada Tereza,

Shikamoo. Barua yako Malale alichelewa nayo kwa mvua, ikanikuta Jumatano, siku moja na ya Ernestine, zote mbili dukani kwa Gaspar. Nikafungua ya Ernestine kwanza.

Happiness alitoroka shuleni akatembea peke yake kwenye mvua mpaka stendi, akapanda basi la kuja kwangu. Walimpata basi likiwa linataka kuondoka. Niliposoma habari ya mtaro na kiatu nilikaa kwenye gunia la chumvi, nikaomba maji, na glasi Gaspar alinishikia yeye. Ulisema kweli kwamba sikumtega Ernestine. Hilo ninalijua na nitalijua mpaka nife, usinirudishie.

Lakini sikiliza nilichofanya baada ya hapo, ukinilaani unilaani kwa kujua yote.

Mwisho wa barua yake aliniomba nisimwambie Aloyce. Dada, nilikuwa nimekaa pale nalia, na nikiwa bado nalia nikaona kwamba amenipa kisu na mpini ameuelekeza kwangu. Nikamjibu atulie, sitasema. Jibu hilo likiwa bado liko kwa kondakta, nikatoka nyuma ya duka nikampigia Aloyce.

Sikumwambia uongo hata mmoja. Nilimwambia mwanao ameachwa darasani bila neno, amezurura mjini kwenye mvua, amekutwa ndani ya basi, anaumwa, na mkeo ameniomba nikufiche. Aloyce akasema tu, "Nimesikia."

Kikao kimekaa jana kwa baba mkubwa Felisiani. Aloyce alimleta Ernestine na mtoto kutoka Mpanda. Mvua ilikuwa inapiga mabati, kila mtu anasema kwa sauti kama tunagombana hata wakati wa kusalimiana. Happiness walimpeleka chumba cha pili kwa watoto. Ernestine alikuwa amekonda. Alikaa chini kwenye mkeka, kichwani kitambaa, yule wa kucha ndefu na manukato.

Baba mkubwa alimwuliza swali moja. "Nani alikufundisha kumwacha mtoto mgeni bila kumuaga?"

Nilikuwa nimejiandaa kukataa, nimejiandaa hata kuapa. Ernestine akainua macho akanitazama, siyo kwa kuomba. Alinitazama kama mtu anayepima kitambaa kabla hajakikata. Kisha akamgeukia mzee akasema, "Sijui kulea, baba. Sijawahi kuwa na mtoto."

Wanawake wakaguna. Shangazi yake Aloyce akasema ndiyo matokeo ya kumpa mgumba mtoto wa watu. Wakaamua mtoto arudi kwangu, asome hapa hapa Majimoto, baba yake awe anamwona akija. Aloyce alikubali akiwa anatazama viatu vyake.

Kwa hiyo nimempata. Aloyce amerudi nao Mpanda kuchukua vitu vya mtoto, kesho ananiletea. Nilimtaka yule mwanamke aaibike mbele ya watu waliomwona akila kwangu, na ameaibika. Usiku nilikaa nikingoja furaha ije. Ilikuja, nisikudanganye. Nilicheka peke yangu. Ila lile jicho alilonitazama nalo sijui liliamua nini.

Mdogo wako,
Pudensiana


Makanyagio, Mpanda
20 Januari 2025

Pudensiana,

Mtoto huyo anakuja na baba yake. Homa imeisha. Barua hii Aloyce anadhani ni maelezo ya dawa ya kifua, na kweli naanza nayo. Kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni mpaka chupa iishe.

Ya pili ni hii. Nilijua kabla ya kikao. Jumatano mtoto alikuwa kitandani, nimemwekea kitambaa cha maji kwenye paji la uso, akaniuliza bila hasira, kama anauliza saa. "Mama huwa anasema naenda, narudi. Wewe kwa nini hukusema?"

Nilikaa na swali hilo nikaelewa yote. Nikaelewa kwa nini ulinieleza vizuri habari za miiba na ukuta. Ulinipa kweli tisa ili nimeze uongo mmoja. Jibu lako la kuniambia nitulie nililipata siku hiyo hiyo jioni, na Aloyce alinipigia kabla sijalikunja.

Kikaoni nilinyamaza. Najua umejiuliza kwa nini. Usidhani ni huruma, na usidhani ni woga. Ningesema, ungelia. Wazee wangekukaripia kidogo, shangazi wangekushika mabega, mwisho wangekusamehe, kwa sababu mimi ndiye niliyeanza, na hilo kila mtu analijua. Mtu akishasamehewa analala. Sikutaka usamehewe.

Aloyce sikumwambia. Mzee Felisiani sikumwambia. Nilimwambia Happiness.

Alipouliza swali lile nilimjibu. Nilimwambia, "Mama yako ndiye aliyenikataza nisikuage." Akanitazama, mara ya kwanza tangu aje kwangu alinitazama usoni. Akauliza kwa nini. Nikamwambia akamwulize mwenyewe.

Nilikula kwako nikakuchukulia mume. Nilijua siku moja utanilipa, nilikuwa nangoja tu ujue pa kunipiga. Umepajua. Siku ile ya kwanza ya shule niliamka kabla ya jogoo kumpigia pasi sketi. Sasa ipo kwenye begi, mkunjo wake haujaharibika.

Na langu nimekupa. Limo humo humo ndani ya mtoto, hutaliona ukifungua begi.

Sitakuandikia tena.

Ernestine


Majimoto
31 Januari 2025

Dada Tereza,

Shikamoo. Umeniuliza mtoto anaendeleaje na mbona nimenyamaza.

Anakula, amenenepa kidogo. Nimemwandikisha shule ya hapa, darasa la kwanza, wamempokea bila shida. Mwalimu wao ni kijana mmoja mgeni, Amosi, mpole. Siku ya kwanza nilimpeleka mwenyewe. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, nimeacha hata shamba na magugu yanameza mpunga. Hakulia. Aliweka ufagio pamoja na za wenzake, akakaa kwenye dawati, akachukua penseli. Niliyeshindwa kuondoka ni mimi. Nilisimama dirishani mpaka Mwalimu Amosi akatoka akaniambia mama nenda, mtoto yuko salama, unawachanganya wenzake.

Ernestine alimwambia mtoto nilichofanya. Ameniandikia kuniarifu kwamba amemwambia. Siku Aloyce alipomshusha hapa nilimkumbatia, nikangoja aniulize. Nilikuwa nimeshatunga jibu. Hakuuliza. Nikangoja jioni, nikangoja Jumapili tukitoka kanisani. Nikimsugua miguu kwenye beseni nasema moyoni sasa ataniuliza. Ananiambia habari za kuku, habari za rafiki yake mpya Kabula ambaye baba yake ana ng'ombe wengi. Lile hataji. Nimetaka kuanza mimi, naishia kumwongezea mboga. Mtoto wa miaka saba, dada, na namwogopa.

Utaniuliza kama bado namchukia yule mwanamke. Namchukia kuliko zamani. Zamani nilimchukia kwa alichonifanyia. Sasa namchukia kwa sababu hakusema uongo. Nasikia saluni yake inafungwa mapema siku hizi na Aloyce halali nyumbani. Nilipoambiwa nilifurahi, na nitafurahi tena nikiambiwa tena. Hilo usiniombee liondoke.

Jana asubuhi nilimpeleka shule. Nilipiga magoti mlangoni pa darasa nikamfunga kamba za viatu, nikamwambia mchana nitakuja kumchukua mwenyewe, anisubiri hapo hapo kwenye ngazi. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Kisha akanipita, akamwendea Mwalimu Amosi aliyekuwa anafuta ubao, akamvuta shati.

"Mwalimu," akamwambia, "mama yangu anasema atanifuata mchana. Ni kweli?"

Mwalimu akacheka, akanigeukia ili tucheke wote.

Mdogo wako,
Pudensiana